UZI: Tukipanga upya ofisi za huduma tuanze na miguu ya mwananchi, cheo kije baadae

Mtu wa Dirishani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamaa wa Unguja na Pemba na wengine wote mnaopita humu.

Mie kazi yangu ni ya dirishani, kuhudumia watu, na muda wote huo nimeona ofisi zikipangwa upya, marumaru mpya, viti vya kuzunguka, vioo, feni zinatolewa zinaekwa AC, na ikifika Jumatatu foleni ni ile ile na bibi wa watu alotoka Makunduchi na daladala ya alfajiri bado anaambiwa panda juu, haya sasa shuka, haya rudi kule kule ulikotoka. Inaniuma. Fedha zinatumika tena si kidogo, lakini nnavoona mie tunaanzia pasipo.

Tunaanzia kwa mkubwa. Anakuja mtu wa ramani, suala la kwanza ni chumba cha mkurugenzi kitakaa wapi, basi kinapewa kona yenye upepo na madirisha pande mbili, kisha katibu muhtasi wake, kisha wahasibu, kisha utumishi, kisha stoo, na mwananchi anapewa kilichobaki, nacho ni ujia. Benchi moja la mbao limeegemezwa ukutani, mtu akipita na faili walokaa wote inabidi wakunje miguu.

Nasema tugeuze. Kabla hakijanunuliwa hata kiti kimoja, mfanyakazi mmoja afatane na mwananchi kuanzia mlangoni mpaka anatoka na karatasi yake mkononi. Asimsaidie, asimuelekeze, amfate tu na aandike, kasimama wapi, kamuuliza nani, kapanda ngazi mara ngapi, kasubiri wapi na alikuwa anasubiri nini hasa.

Chukua kibali cha biashara ndogo, ofisi siitaji. Mtu anaingia anamuuliza askari, maana mapokezi hakuna, au yapo lakini yamejificha nyuma ya nguzo. Askari anamwambia masjala, ghorofa ya pili. Masjala wanamwambia faili lako tunalo ila linataka saini ya afisa, yuko chini. Afisa anasaini, lakini mhuri unakaa kwenye droo ya katibu muhtasi, juu tena. Kisha akalipie, namba ya malipo inatoka kwa mhasibu chini, analipa kwa simu, risiti aipandishe masjala ikafungwe kwenye faili. Na kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari hakuambiwa mapema, kwa hiyo katikati ya yote hayo katoka kavuka barabara kwenda kutafuta mashine. Ichore njia yake kwenye ramani ya jengo, inatoka kama mshipi wa mvuvi uliojitatiza.

Dawa yake sasa. Yale mafaili yanayotembea wiki hii yashushwe chini yakae chumba kimoja na afisa anaesaini, yalolala yabaki huko juu. Mhuri ukae kwa anaesaini, kwa maandishi kama utaratibu unavotaka. Mhasibu wa namba za malipo asogee dirisha la pili yake. Mashine ya kopi iekwe karibu na mlango, na juu yake karatasi ya herufi kubwa inayosema unatakiwa uje na nini. Halijabomolewa tofali na mtu kamaliza shida yake bila kuziona ngazi.

Kuna mama wa Kimarekani, Lynn Shostack, alikuwa mtu wa benki, mwaka 1984 alieleza namna ya kuichora huduma hatua kwa hatua halafu ukapiga mstari, upande mmoja yale mteja anayoyaona, upande wa pili yale asoyaona. Mie nataka mstari ule uchorwe mpaka sakafuni. Kuuliza, kupeleka maombi, kulipa na kuchukua, hivyo vikae chini mbele. Utumishi, ununuzi, ukumbi wa mikutano na mkurugenzi mwenyewe wapande juu. Mkurugenzi ngazi anazipanda asubuhi na akirudi kula, na ana afya yake. Mzee wa miaka 70 tunampandisha kwa dhambi gani? Na wazee kama hao wana mambo yao mengi ya kufatilia, hasa tangu Aprili 2016 ilipoanza pensheni jamii kwa walofika umri huo, kila mmoja ana karatasi ya kuuliza, jina limekosewa, tarehe ya kuzaliwa haifanani na ya kitambulisho.

Jengine viti. Viti vya kusubiria tunavikisia tu, wakati hesabu yake ipo na ni nyepesi. Mtaalamu wa Marekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, kwamba wastani wa watu walomo ndani ni idadi ya wanaoingia kwa saa zidisha muda anaokaa mmoja. Wakiingia 30 kwa saa na kila mtu anakaa dakika 40, yaani theluthi mbili ya saa, basi ndani mna watu 20. Benchi la watu sita maana yake 14 wamesimama. Hapo mkubwa anaomba bajeti ya kupanua ukumbi. Lakini ukiifupisha ile njia, mtu akamaliza kwa dakika 20, ndani wanabaki 10 na chumba kile kile kinapumua. Ndio maana nasema miguu kwanza, marumaru baadae. Na hiyo ni wastani, asubuhi daladala za shamba zikishafika wanajaa zaidi, kwa hiyo akiba ya viti iekwe.

Halafu foleni iwe moja kwa madirisha yote. Kila dirisha likiwa na foleni yake, mmoja mwenye kesi ndefu anawafunga wote walo nyuma yake na wenzao wa pembeni wanapita.

Karibuni tuchangie.


Kijana wa Kikwajuni

Hoja nzuri kaka ila mie naona unazungukia mbali, dawa ni kuondoa kuta zote. Angalia mabenki siku hizi, ukumbi mmoja, kila mtu anaonekana, meneja anaonekana, hakuna wa kujificha na gazeti wala wa kupokea kitu chini ya meza. Vijiofisi vyetu vya mlango kufungwa ndo vinalea uvivu.


Mtu wa Dirishani

Mdogo wangu nakuelewa, na kwenye lile la chini ya meza una haki yako, sehemu ya kupokea maombi na kulipia lazima iwe wazi ionekane. Lakini kubomoa kuta zote si jambo jipya wala halijaleta hayo tunayoyategemea. Wajerumani walianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wale ndugu wawili akina Schnelle, wakaondoa vyumba na kupanga meza ukumbini na majani makubwa katikati. Marekani Robert Propst akaja mwaka 1968 na vile vizuizi vya kuhamishika kwa nia njema kabisa, mtu ajipangie nafasi yake kwa kazi yake, makampuni yakavigeuza vikawa vijumba vya kubania watu. Na mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walitoa matokeo ya kupima makampuni mawili makubwa yaloondoa kuta, kwa kuwavisha wafanyakazi vifaa vya kurikodi nani anazungumza na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kama asilimia 70, watu wakahamia kuandikiana kwenye kompyuta. Mtu akiona anaangaliwa na kusikilizwa kila saa anajifungia kivyake.

Na hao ni wafanyakazi. Mwananchi je? Analetwa ukumbini kueleza shida yake mbele za watu.


Bint Jang'ombe

Hapo ndo pangu. Niliwahi kwenda ofisi moja, sitoitaja, kufatilia karatasi zangu baada ya kuachwa. Ukumbi umejaa, dirisha la kioo na kile kitundu kidogo, kijana ndani hanisikii kwa feni, nami simsikii. Akanyanyua sauti, "Talaka ngapi?" Benchi zima limenigeukia. Mmoja wao ni jirani wa shangazi yangu. Nilijibu kwa vidole. Sikurudi tena mwenyewe, nilimtuma kaka yangu, na mambo yakachelewa kwa sababu yeye hajui habari zote. Wanaopanga ofisi wajue kwamba mji wetu ni mdogo, sote tunajuana.


Mtu wa Dirishani

Pole sana dada yangu, na ahsante kwa kulisema hadharani, najua si jepesi. Na mie naomba tukae kidogo hapa maana hili la sitara ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na kwetu ndilo zito kuliko yote.

Angalia kile kioo. Kiliekwa kwa ajili ya keshia, sehemu yenye fedha, kikaigwa madirisha yote hata ya kuchukulia fomu. Kioo na kitundu kinamlazimisha mtu kuinama na kupiga kelele, na feni ya ukutani iloelekezwa dirishani inaongeza. Pasipo na fedha kitolewe. Iekwe meza ya kawaida, urefu wa sentimita 75 hivi, na kiti upande huu na upande huu, mtu akikaa sauti yenyewe inashuka, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia sawa sawa na mwenziwe.

Viti vya kusubiria visielekee madirishani. Tumezoea kuvipanga kama darasa la skuli, wote wanamtazama anaehudumiwa. Vigeuzwe ubavu au vielekee mlangoni, na kati ya anaehudumiwa na anaefata paachwe mita mbili, alama ya rangi sakafuni inatosha.

Tena tuache kuwaita watu kwa majina. Sie majina yetu ni lako, la baba na la babu, ukiyaita yote matatu ukumbini ushamtangaza na ukoo wake. Waitwe kwa namba, hata iwe ya karatasi iloandikwa kwa mkono.

Na kila ofisi ya huduma, iwe ndogo vipi, iwe na chumba kimoja cha pembeni cha mazungumzo. Meza moja, viti vitatu, mlango unaofungwa lakini una kioo kidogo juu ili aliye nje aone hamna jambo baya. Talaka, mirathi, deni, maradhi, mtoto alozaliwa nje, hayo yaende huko. Na kiti cha tatu ni cha yule alomsindikiza, mama au kaka, watu wetu hawaji peke yao na ofisi nyingi zinawafukuza wasindikizaji kwa kukosa pa kuwaeka.


Fundi Chokaa

Jamaa mmesema mengi ila hamjagusa majengo. Ofisi kadhaa bado ziko Mji Mkongwe, na mule hubomoi. Mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na kuna Mamlaka ya Hifadhi tangu 1985, ukitaka kutoa ukuta ukaombe kibali, na ni haki kwa sababu kuta zile ndo zinazobeba. Dari imekaa juu ya boriti za mikoko na boriti haivuki mbali, kwa hiyo vyumba vyote ni virefu vyembamba, upana mita tatu hivi. Ukija na ramani ya ofisi za Dar haiingii.

La pili, makabati ya chuma yalojaa mafaili kupandishwa juu ya boriti za zamani. Jamani karatasi ni nzito. Nimeona dari imebonyea katikati kwa sababu ya masjala. Yashuke chini, lakini chini nako kuna unyevu na chumvi inapanda ukutani, basi yainuliwe juu ya mbao na yaachane na ukuta kwa kiganja kizima, upepo upite nyuma. Na msipige plasta ya saruji mkidhani mnazuia unyevu, unafungiwa ndani unaila kuta. Chokaa kwa chokaa.

La tatu AC. Maji yanayodondoka nje yanaoza ukuta. Na mmesahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima bila umeme? Ofisi zilozibwa madirisha na kushushwa dari ya bodi zilikuwa hazikaliki, za zamani zenye dari ya juu na madirisha yanayotazamana kazi iliendelea.


Mtu wa Dirishani

Fundi Mungu akuzidishie, hayo ndo tuliyokuwa tunayakosa humu. Kwa vipimo vyako hebu tufanye hesabu. Chumba upana mita 3. Afisa na kiti chake anataka sentimita 90, meza 60, inabaki mita 1 na nusu upande wa mwananchi. Kiti cha magurudumu kikitaka kugeuka kinahitaji mita 1 na nusu hiyo hiyo. Kwa hiyo chumba kama kile hakina nafasi ya mtu kusubiri, hata mmoja. Ndani aingie anaehudumiwa na msindikizaji wake tu. Wengine wakae ua wa ndani kama jengo linao, au daka la mlangoni, au kwenye baraza nje, ambayo wazee walishaijenga pale pale mlangoni na sie tunaegesha vespa mbele yake. Iezekwe kipande cha kivuli kama kibali kitapatikana, iekwe maji ya kunywa, ni sehemu ya kusubiria nzuri kuliko ujia wowote.

Jambo la ngazi za mlangoni. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo Zanzibar tangu 2006 na bado watu wanabebwa. Mteremko unaofaa ni sentimita moja kwenda juu kwa kila 12 kwenda mbele, kwa hiyo mlango ulonyanyuka sentimita 45 unataka mteremko wa mita 5 na zaidi, kwenye ujia wa Mji Mkongwe haukai. Basi utafutwe mlango wa nyuma usio na kizingiti kirefu, na kama hakuna, kengele iekwe nje kwa urefu wa mtu alokaa na afisa atoke amuhudumie barazani. Aandikiwe hivyo kwenye majukumu yake ya kazi, isiwe hisani ya siku moja.


Mdau wa Mazizini

Sasa jamani, huduma zinahamia mtandaoni, fomu kwenye simu, malipo kwenye simu. Miaka kidogo mbele nani atakuja ofisini? Naona tunahangaika na viti bure.


Mtu wa Dirishani

Wengi hawatokuja, kweli, na watakaobaki wakija ni wale mtandao ulowashinda. Mzee asojua simu, mtu mwenye jina lilokosewa na mashine inamkataa, mjane mwenye mafaili mawili yasofanana. Kesi zao ni ndefu. Zamani dirisha moja lilitoa fomu kwa watu wengi kwa dakika mbili mbili, kesho litakuwa na watu wachache wa nusu saa nusu saa. Kwa hiyo madirisha ya kusimama yatapungua na meza za kukaa na vyumba vya pembeni vitaongezeka. Na pale mlangoni akae kijana mwenye tabuleti anaejua kusaidia, mtu akija kwa jambo la mtandaoni ajaziwe pale pale aende zake.


Mpemba wa Wete

Nimesoma wote ahsanteni. Sie ofisi yetu ni nyumba ya kukodi hapa Wete, veranda, sebule, vyumba vitatu na ua. Wafanyakazi saba. Watu wanatoka Konde, Micheweni, mpaka Kojani wanavuka na mashua. Mkubwa kakaa sebuleni kwa sababu ndo pakubwa, watu wamejazana veranda. Bati likipigwa na mvua ya masika hatusikilizani kabisa. Bajeti hakuna. Tufanyeje?


Mtu wa Dirishani

Nyumba hiyo inafaa sana kaka, vyumba vinatosha. Veranda iwe ya kusubiria, viti vigeuzwe viangalie njiani. Sebule mpewe wananchi, meza moja ya kuuliza karibu na mlango na meza mbili za huduma ndani zaidi, ziwe zimeachana. Chumba kinachofungukia sebuleni ndo masjala, ili faili lifike mezani bila kuvuka njia ya watu. Cha pili cha mazungumzo ya sitara. Cha tatu cha mkubwa na mhasibu pamoja, mkubwa akikataa mueleze kwamba atakuwa karibu na ua, upepo wa kusi unaingia vizuri kuliko sebuleni. Ua muwaachie kina mama wenye watoto wachanga, pakiwa na mkeka na pazia panatosha, na choo kisifungwe kwa kufuli.

Mvua ya bati, msiite namba kwa mdomo. Tafuteni ubao mdogo mweusi mtundike veranda, namba iandikwe kwa chaki, atakaeshindwa kusoma mwenziwe wa pembeni atamuonesha.

Msinunue kitu kwanza. Chukueni chaki mchore sakafuni meza zitakapokaa, kisha mmoja wenu ajifanye katoka Micheweni na faili lake, apite hatua zote, mtaona palipobana. Hamisheni Jumamosi. Wiki ya kwanza mwekeni mtu veranda aandike kila anaeuliza "niende wapi", na kauliza akiwa wapi. Wakirudia kuuliza pale pale, tatizo ni kibao au ni meza imekaa vibaya, sogezeni tena.


Mpemba wa Wete

Choo kweli kina kufuli, ufunguo anao mlinzi. Na hicho chumba cha tatu kina dirisha moja tu linaloangalia ukuta wa jirani, upepo wa kusi haufiki. Mkubwa hatokubali.


Mtu wa Dirishani

Basi mpeni mkubwa kile mlichotaka kukifanya cha sitara kama kina dirisha zuri, na hicho chenye ukuta wa jirani ndo kiwe cha mazungumzo, maana mtu anakaa humo nusu saa tu na hakuna anaepita dirishani kusikiliza. Feni moja ya mezani iingie humo. Ufunguo wa choo utundikwe kwenye msumari karibu na ubao wa namba kuanzia Jumatatu. Ukiweza chora nyumba ilivo kwenye karatasi uipige picha uieke hapa, milango inafungukia upande gani na madirisha yako wapi, na Fundi Chokaa nae aitazame.